Diski ya Wenyewe

"Kabla sijaigusa, wifi, niambie: nani kasema hii diski imekufa?"

Inspekta akamnyooshea kidole Koplo. Koplo akajifanya anafuta kioo cha simu kwa ncha ya shati lake.

"Niliibonyeza haikuwaka," alijitetea. "Nikaibonyeza tena, ikaleta maandishi meupe kwenye kioo cheusi, ikaganda hapo hapo. Nikaandika imekufa."

"Heh! Kwa hiyo kwako wewe mtu akichelewa kuamka asubuhi, tayari unaagiza sanda?"

Bisibisi, kama mtaa mzima ulivyomwita, hakuwa na adabu kwa polisi, na hasa kwa polisi aliyeolewa na kaka yake. Inspekta alikwishazoea. Wifi yake alikuwa fundi wa kompyuta mwenye maneno mengi na majivuno ya kutosha, ila kazi aliijua, na kazi ndiyo iliyowaleta.

Karakana ilikuwa chumba kimoja, kirefu na chembamba, rafu hadi darini. Kibodi zilisimamishwa wima kwenye rafu kama vitabu, na makopo ya maziwa ya unga yalijaa skrubu za kila namna. Feni ya ukutani ilizunguka bila kifuniko. Katikati ya meza, juu ya kipande cha zulia la mpira, ilikaa kompyuta ya bohari ya dawa: kioo, kibodi, na boksi lenyewe ambalo kila mtu huliita sipiyu. Juu ya sipiyu kulikuwa na doa kubwa la chai lililokauka.

Kwenye benchi la mlangoni alikaa mke wa mlinzi. Hakualikwa na mtu. Aliwafuata tangu kituoni, bega kwa bega na Koplo, na Inspekta alishindwa kumfukuza. Mapajani alipakata shati jeupe la mumewe, limepigwa pasi na kutiwa kwenye mfuko wa plastiki lisipate mkunjo. Shati la kuvaa mahakamani.

"Haya nipeni kisa," Bisibisi alisema, "lakini kwa ufupi. Nyinyi polisi mkianza hamna breki."

"Bohari ya dawa imeibiwa makatoni ya dawa za sukari," Inspekta alisema. "Hakuna kufuli lililovunjwa. Zamu ilikuwa ya mlinzi mmoja, mzee wanamwita Tochi, maana tochi haimtoki mkononi hata jua likiwaka. Juu ya mlango wa nyuma kuna kamera, na picha zake zinaingia kwenye hii kompyuta, chumbani kwa mlinzi. Siku ile ile dawa zilipopotea, kompyuta nayo ikagoma kuwaka. Meneja wa bohari anasema mzee aliimwagia chai makusudi ili kuua ushahidi."

"Na mzee anasemaje?"

"Anakiri chai aliimwaga."

"Bahati mbaya!" mke wa mlinzi alidakia kutoka mlangoni. "Kikombe kilimponyoka. Tena siku nyingi nyuma, wala si siku hiyo. Angekuwa mwongo si angekataa?"

Ndivyo ilivyokuwa, mzee kajitia kitanzi kwa ukweli wake mwenyewe. Saa nane mchana angepandishwa kizimbani, na kwa umri wake, jela asingetoka mzima. Mkuu wa kituo alikuwa amemwambia Inspekta asubuhi ile, bila hata kuinua macho: ukiniletea kitu kabla ya saa nane, nitakusikiliza, la sivyo faili linakwenda kama lilivyo.

"Koplo, anza kurekodi," Inspekta alisema. "Kila anachokigusa nataka kionekane."

"Chukua huu upande wangu wa kulia," Bisibisi alisema. "Ndio mzuri."

Akawasha.

Feni ya ndani ikavuma, taa ya kijani ikawaka, kioo kikamulika. Kisha yale maandishi meupe: hakuna mfumo wa kuwashia. Bisibisi hakuyatazama. Aliinamisha kichwa, akaweka sikio ubavuni mwa sipiyu, akainua mkono wanyamaze. Hata feni ya ukutani akaizima.

"Inazunguka," alisema. "Diski iliyokufa aidha inagonga, tak, tak, tak, au iko kimya kabisa. Hii inazunguka vizuri, sauti moja. Hii haijafa bwana!"

Inspekta alisogea karibu mpaka bega likagusana na la wifi yake. "Una hakika?"

"Subiri, usinipande mgongoni. Kuna mambo ya kijinga ya kuondoa kwanza." Akakagua matundu yote ya mbele na ya nyuma. "Watu husahau flashi humu, kompyuta inakwenda kutafuta pa kuwashia huko, haipati, inalia. Hakuna flashi. Sawa." Akachomoa kebo ya diski, akaweka nyingine mpya. Akawasha. Maandishi yale yale. "Si kebo. Sasa tuingie ndani."

Aliwasha tena, na safari hii akawa anabonyeza kitufe kimoja mfululizo kabla maandishi hayajatokea. Kioo kikafunguka kwenye ukurasa wa buluu wenye orodha ya vifaa. Bisibisi akapiga kofi moja la nguvu.

"Mnaona hapa? Mashine inaiona diski! Inaijua jina, inaijua ukubwa. Saa ya ndani iko sawa, kwa hiyo betri ni nzima. Diski ipo, inazunguka, inatambulika. Ila mashine inasema, humu ndani sijaona mlango wa kuingilia."

"Chai?" Inspekta aliuliza.

"Tukaone hiyo chai yenu."

Akatoa skrubu za ubavuni, akavuta bati. Koplo akasogeza simu. Ndani kulijaa vumbi la kijivu, limelala juu ya kila kitu, juu ya waya na juu ya bodi. Bisibisi akachukua taa ya mkononi akamulika chini ya lile doa. Pakavu. Chai ilifika kwenye ukingo wa bati ikakauka hapo, ndani haikudondoka hata tone.

"Nilisema mimi!" mke wa mlinzi alisema. Alikuwa amekwishainuka kwenye benchi, yuko nyuma ya Koplo, anachungulia.

"Mama, kaa kidogo," Inspekta alisema, lakini kwa upole. Macho yake yalikuwa yamenasa kitu kingine. "Wifi. Mulika hapo kwenye diski tena. Vumbi liko wapi?"

Kila mahali palikuwa na vumbi isipokuwa pale. Diski ilikuwa safi, na kwenye kitako chake, palipokuwa na vumbi pembeni, alama za vidole zilionekana waziwazi, vidole vinene vilivyoshika na kuvuta.

"Kuna mtu kaingia humu majuzi," Inspekta alisema.

"Na mtu huyo si fundi." Bisibisi alikuwa ameanza kucheka peke yake. "Tazama hii skrubu, ya nne. Zile tatu zimekaa sawa. Hii ina meno membamba, si ya diski hii, ni ya sehemu nyingine kabisa. Kailazimisha mpaka ikaingia upande upande. Fundi yeyote angeona haya. Hata yule Miwani wa mwisho wa mtaa, na kazi zake zile, hawezi kufanya hivi."

Inspekta tayari alikuwa anapiga simu. Katika maelezo ya mlinzi alikuwamo mtu mmoja mwenye bisibisi mfukoni: fundi umeme aliyeitwa bohari siku ile ile. Ilielekea ndiye.

"Wewe ndiye uliyefungua kompyuta ya bohari?" alimwuliza bila salamu, sauti ikitoka nje ili Koplo arekodi.

"Kompyuta? Mimi nilifungua soketi, afande."

"Na sipiyu?"

"Sikuigusa. Niliitwa kwa sababu ilikuwa haiwaki. Meneja akaniambia huenda ni umeme. Nikapima, umeme upo. Nikamwambia, bosi, hapa hamna kazi yangu, tafuta fundi wa kompyuta. Akanishukuru, nikaenda zangu."

"Uliikuta imekwishagoma?"

"Imekwishagoma kabisa. Kwani kuna nini?"

Inspekta akakata simu. Kama fundi umeme alisema kweli, na hakusikika kama mtu anayetunga, basi mkono ulioingia mle uliingia kabla yake.

"Sasa?" Koplo aliuliza.

"Sasa tuone mle ndani kuna nini," Inspekta alisema. "Wifi, inawezekana kuifungua bila kuichafua? Huu ni ushahidi. Ukibadilisha hata nukta, wakili atatucheka."

"Kwani umeoa fundi wa barabarani?"

"Sijakuoa wewe. Nimeolewa na kaka yako, na yatosha."

Bisibisi akatoa kwenye droo kifaa kidogo chenye kebo mbili. "Hiki kinaruhusu kusoma tu. Kuandika kinazuia. Nitaichomeka kwenye mashine yangu, tutazame bila kugusa kitu."

Akatoa diski kwa uangalifu, Koplo akirekodi, Inspekta akitaja kila hatua kwa sauti. Ikachomekwa. Taa ya kifaa ikapepesa. Wote watatu wakainama mbele ya kioo, na mke wa mlinzi akawa wa nne, mfuko wa shati umebanwa kifuani.

Folda zikafunguka. Bisibisi akasonya.

"Nyinyi, kamera ya bohari inapiga picha za magauni?"

Yalikuwa magauni kweli. Magauni marefu, magauni mafupi, mikono ya puto, kola za kila aina, picha juu ya picha, na michoro ya vipimo vya kukatia vitambaa. Mvaaji alikuwa mwanamke mmoja aliyesimama mbele ya kioo kirefu cha ukutani, na kila picha ilikatwa shingoni, gauni tu ndilo lionekane. Hapakuwa na ua wa nyuma, wala mlango, wala lango. Hapakuwa na video hata moja.

"Hii si diski ya bohari," Bisibisi alisema polepole. "Hii ni diski ya wenyewe. Imetolewa kwenye kompyuta ya mtu mwingine ikapachikwa humu."

Koplo akakuna kichwa. "Afande, mimi naona hapo mzee ndio kazidi kuumia. Nani alikuwa anakaa na hii kompyuta kutwa? Yeye. Nani angepata nafasi ya kubadilisha? Yeye."

Maneno yale yalikuwa na akili, na ndiyo yaliyomtisha Inspekta. Mkuu wa kituo angesema hayo hayo.

"Mume wangu?" Mke wa mlinzi alifoka. "Mume wangu hata redio ya simu hajui kuifungua, mpaka nimfungulie mimi! Atoe nini, aweke nini? Mwanangu, nakuomba, usiwaache wamfanyie hivyo."

"Siwaachi, mama," Inspekta alisema bila kugeuka. "Wifi, rudisha picha ya kwanza kabisa. Ile ya gauni la njano."

Gauni lilikuwa la njano lenye maua madogo meupe. Inspekta alilitazama mpaka Koplo akaanza kumtazama yeye.

Kile kitambaa alikwishakiona. Jana yake Meneja wa bohari alikaa mbele ya meza yake kituoni, mtu nadhifu, ananukia sabuni, akajigamba jinsi anavyotunza mali. Kwenye bohari yangu hakitupwi kitu, afande, hata kamba ya boksi naihifadhi, huwezi kujua lini utaihitaji. Akayabwaga mafungu ya funguo mezani kuonyesha uzito wa kazi yake. Funguo zile zilifungwa pamoja kwa kitambaa kilichochanwa, cha njano, maua meupe.

"Kioo," Inspekta alisema. "Mtu akipigwa picha mbele ya kioo, na mpigaji anaonekana. Kuza hapo nyuma ya bega."

Bisibisi akakuza. Ndani ya kioo kirefu, mwanamume alisimama na simu usoni, mwanga wa simu umemfuta sura yote. Uso hakuna. Picha iliyofuata, vilevile. Iliyofuata, vilevile, na Koplo akashusha pumzi kwa kukata tamaa.

"Achana na sura yake," Inspekta alisema. "Shuka kiunoni."

Kwenye mkanda wa suruali ulining'inia mzigo wa funguo, na kwenye funguo, kitambaa cha njano.

"Huyo!" Inspekta alipiga meza, kopo la skrubu likaruka. "Huyo huyo! Meneja! Hii ni diski ya nyumbani kwake, na mwenye magauni ni mkewe!"

"Weee!" Bisibisi alimshika mkono wakatikisana kama waliofunga goli la ushindi. Mke wa mlinzi aliuliza nini, nini, na Koplo, mdomo wazi, alisahau kama anarekodi.

Ila furaha haikudumu. Kuwa na diski ya Meneja kulionyesha kwamba Meneja alicheza na kompyuta. Hakukuonyesha aliyebeba dawa. Kwa hilo ilitakiwa ile nyingine, ya kamera, na saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa sita.

"Ingekuwa mimi," Koplo alisema, "ningeivunja nyundo nikaitupa jalalani."

"Wewe ndiyo. Yeye hatupi kitu hata kamba ya boksi." Inspekta alikuwa anatembea sasa, kutoka rafu hadi mlango. "Na hakuweza kuiacha nafasi wazi, tungeuliza diski iko wapi. Akatafuta nyingine inayofanana, akaichukua nyumbani. Wifi, kwa nini hii imegoma kuwaka, na ni nzima?"

"Ndicho nilichotaka kukwambia, ukanikatiza na funguo zako. Hii diski ilipangwa kizamani, kwenye mashine ya zamani. Hii ya bohari ni ya kisasa, namna yake ya kuanza ni tofauti. Inatafuta mlango upande huu, mlango uko upande ule. Ningebadilisha kitu kimoja tu kwenye ule ukurasa wa buluu ingewaka sasa hivi." Vidole vilimwasha waziwazi.

"Usithubutu! Kwa hiyo yeye aliiona haiwaki, akadhani imekufa?"

"Kama huyu hapa," Bisibisi alisema, na Koplo akatazama dari.

"Akafurahi. Akasema bora, polisi wataikuta imekufa." Inspekta alisimama ghafla katikati ya chumba. "Na ile ya kamera? Kama hii imegoma hapa, ile akiiweka kule nyumbani kwenye mashine ya zamani ya mkewe, kuziba pengo..."

"Itagoma vilevile. Haitawaka hata aisomee dua."

"Basi sikilizeni. Kuna mshonaji humu mjini ambaye tangu siku ile kompyuta yake haiwaki. Magauni yake yote yamo humo, wateja wanamdai. Mume anamwambia nitaitengeneza, nitaitengeneza, na haitengenezi. Wifi, mwanamke wa namna hiyo anafanya nini?"

Bisibisi alikuwa amekwishashika simu na kubonyeza kitufe cha sauti.

Mafundi wa mtaa ule walikuwa na kundi lao kwenye simu, na kundi lilikuwa na sheria moja ambayo haikuvunjwa hata na walevi wao. Mashine ikiletwa, na mwenye kuileta asitambue kilichomo ndani, haitoki karakana. Inatangazwa kwanza kwenye kundi. Walianza hivyo baada ya wengi wao kulala mahabusu kwa ajili ya mali za wizi wasizozijua.

"Jamani mafundi," Bisibisi alisema kwa simu. "Nani kaletewa sipiyu ya zamani na mama mshonaji, haiwaki? Ni haraka, nina serikali humu ndani inanikanyaga miguu."

Jibu la kwanza lilikuwa kicheko. La pili likauliza serikali imeoa au bado. Inspekta alikuwa anauma kucha. Kisha ikaingia sauti ya kukwaruza, na nyuma ya sauti hiyo mwanamke akifoka.

"Bisibisi, mimi Miwani. Ninaye hapa tangu asubuhi, masikio yananiuma! Kaleta mashine anasema ina magauni. Nimeitoa diski nimeisoma pembeni, magauni hamna. Kuna video tupu, mlango mmoja, ua mmoja, watu wanapita. Nikamwambia mama, hii mashine si yako, haitoki. Sasa anataka kunipiga na mkasi, hata kutangaza kwenye kundi sijapata nafasi. Njoo uniokoe!"

Hawakusubiri gari. Inspekta alitoka mbio na viatu vyake vya kazi, Koplo nyuma yake amekumbatia mfuko wa ushahidi, Bisibisi, kile kifaa cha kusoma tu mkononi, akipiga kelele watu wapishe, na mke wa mlinzi, mtu mzima yule, aliinua gauni lake kwa mkono mmoja na kuwafuata, shati limepepea kwenye mfuko. Wauza chaja na makava ya simu walikusanya vitu vyao wakidhani ni msako.

Kwa Miwani palikuwa padogo zaidi. Mwanamke mnene wa haja, utepe wa kupimia shingoni, alikuwa ameziba mlango mzima.

"Afadhali polisi mmekuja!" alisema alipoona sare ya Koplo. "Mkamateni huyu! Kanifutia kazi zangu zote kaniwekea sinema za mlango!"

"Sijafuta kitu mimi!" Miwani alilia kutoka ndani.

Inspekta alivuta pumzi. Alitamani kuruka moja kwa moja kwenye kile kioo kilichokuwa kinawaka nyuma ya Miwani, lakini alijizuia.

"Dada, pole. Hajakufutia. Magauni yako yapo, nimeyaona, hata lile la njano lenye maua meupe."

Mshonaji akamgeukia. "Yapo? Yako wapi?"

"Salama. Niambie tu, nani alifungua kompyuta yako nyumbani?"

"Mume wangu. Alisema anaisafisha vumbi. Tangu aisafishe haijawaka. Kila siku nitakuletea fundi wa ofisini, kila siku usiiguse. Wateja wananitukana! Leo kaenda kazini nimeibeba mwenyewe. Kwani kosa?"

"Si kosa. Mumeo anafanya kazi gani?"

"Meneja, bohari ya dawa." Alisema kwa fahari, kisha akawatazama mmoja mmoja, na fahari ikaanza kumtoka. "Kwa nini?"

Inspekta akamwambia Bisibisi achomeke kile kifaa cha kusoma tu, akamwambia Koplo arekodi, akataja tarehe. Miwani akawapisha. Video ikatafutwa. Ikafunguka.

Mlango wa nyuma, jua la mchana. Mzee mwenye tochi mkononi amesimama. Meneja anatoka, anamwonyesha lango la mbele kwa kidole, mzee anapiga saluti na kuondoka. Meneja anatazama kushoto, anatazama kulia. Kisha katoni. Kisha katoni nyingine. Anazipanga kwenye buti la gari lake kwa unadhifu, lebo zote zikitazama upande mmoja.

"Huyo mume wangu," mke wa mlinzi alinong'ona akigusa kioo, pale mzee alipopiga saluti. "Ona anavyomheshimu."

Inspekta alikuwa amekwishapiga simu kituoni. "Mkuu, msimtoe mzee! ... Kwenye gari? Basi mshusheni! Ninayo video, ninaiangalia kwa macho yangu mwenyewe. Ni Meneja. Ndiyo, Meneja! Mshusheni sasa hivi!" Alisikiliza, akafumba macho, akacheka kwa sauti. Akamgeukia mke wa mlinzi. "Wanamshusha, mama. Hilo shati atalivaa kurudia nyumbani."

Mama wa watu akakaa sakafuni palepale, akalia bila kujificha. Bisibisi akaanza kusema utani, akaishia kupiga chafya za uongo.

Mshonaji alisogea mbele. Alitazama kioo, kisha akamtazama yule mama pale chini na shati lake. Akavua utepe shingoni, akauzungusha kidoleni, akaufungua, akauzungusha tena.

"Dawa za sukari," alisema. "Mama yangu anazitumia hizo. Mwezi huu amezikosa kliniki. Aliambiwa hazijafika."

Simu yake ikalia. Kwenye kioo cha simu yake paliandikwa Baba Watoto. Inspekta akainua mkono wanyamaze. Mshonaji alimtazama, akaitikia kwa kichwa, akabonyeza sauti itoke nje.

"Nimerudi kula, kompyuta siioni!" Meneja alikuwa anahema. "Umeipeleka wapi? Nilikwambia usiiguse! Ile imekufa, umesikia? Imekufa! Uko wapi?"

"Kwa Miwani, mtaa wa mafundi," mshonaji alisema. Sauti yake ilitulia. "Wala haijafa. Imewaka, baba watoto. Njoo uone."